Binti Yangu Anapima Suruali Getini, na Fundi ni Mimi

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu kutoka kwa fundi cherehani ambaye wiki hii uzi unamkatalia kuingia kwenye tundu la sindano, na nikwambie mapema, si kwa uzee wala kwa njaa, ni furaha, furaha yenyewe kabisa, ila katikati ya hiyo furaha kuna kitu kinanichoma kama pini iliyosahaulika kwenye kola, na naomba unitoe hiyo pini kabla ya Jumamosi.

Binti yangu wa kwanza amechaguliwa kiranja wa nidhamu. Wa shule nzima! Yeye ndiye anasimama getini asubuhi na rula mkononi, maana shule yao ina sheria ya suruali za wavulana: upana wa mguu wa suruali, pale chini kwenye kifundo, lazima ufike kwenye alama nyekundu ambayo mwalimu mkuu mwenyewe aliichora kwenye rula, na usipofika unageuzwa hapohapo, unarudi nyumbani na hurudi shuleni mpaka uje na mzazi. Kiranja aliyemtangulia alikuwa anatukanwa kila asubuhi mpaka akaomba kuhamishiwa maktaba. Binti yangu tangu ashike rula, geti limetulia kama zahanati siku ya sikukuu. Jioni akirudi anapita kwanza kwenye kibanda changu cha kushonea, mkoba mgongoni, anasimama mlangoni ananiambia, "Baba, leo tena hakuna hata mmoja." Nami nasimamisha cherehani namwambia, "Hongera, mama! Wewe ni kiboko yao!" Anasimama pale kidogo kama mtu anayesubiri chenji, halafu anaingia ndani kuvua viatu.

Sasa mshauri, hakuna hata mmoja kwa sababu yangu mimi.

Ilianza hivi. Kabla binti hajawa kiranja alikuja mama mmoja na mwanawe, wote wawili wameshika suruali moja, huyu anavuta mguu wa kulia na yule wa kushoto. Kijana anasema, "Fundi, ibane, naonekana kama nimevaa pazia." Mama anasema, "Fundi, ukiibana nakubana wewe." Nikawaangalia, nikaona hawa wote ni wateja wangu na wote wana haki, na mimi ni mtu wa amani, nikamwambia mama, "Dada, nenda kaendelee na shughuli zako, utaikuta imekaa kisheria." Nikakaa nayo. Nikaikunja kwa ndani kwenye mshono, kuanzia goti mpaka chini, nikaweka vile vifungo vidogo vya chuma vya kubonyeza. Ukivibonyeza, suruali inabana mguu kama soksi. Ukivivuta, ta! ta! ta!, inafunguka, pana, ya heshima, mwalimu mkuu mwenyewe angeivaa. Mshauri, nilipoijaribu mara ya kwanza nilicheka peke yangu kibandani mpaka mteja wa nje akauliza kama kuna mgonjwa.

Basi kijana akaenda nayo, akaja mwenzake, akaja wa tatu, na sasa sidhani kama kuna mvulana shule ile asiyejua njia ya kwangu. Njiani wanatembea wamebana, wakifika kwenye ukuta wa kinyozi, pale kona ya mwisho kabla ya geti, wanainama wote kana kwamba wanafunga kamba za viatu, wanavivuta vifungo, na kinyozi, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anasema asubuhi ukuta wake unalia kama mahindi yanayopasuka sufuriani. Yeye ndiye aliyenipachika jina la Baba Bonyeza. Kila mteja wake sasa ananiita hivyo.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi! Maana kila mtu alikuwa amepata chake. Mama zao wametulia, vijana wanapendeza, shule ina nidhamu, binti yangu anang'ara. Niambie ni nani aliyeumia?

Ndipo Jumatatu mwalimu mkuu akanipigia simu. Nilisimama kuipokea, nikavua na kofia. Anasema wamefurahishwa mno na hali ya sare, anasema mtoto mwenye msimamo kama huyu hatoki hivihivi, ana malezi nyuma yake, na anasema Jumamosi kwenye kikao cha wazazi ananiomba mimi nisimame nizungumze juu ya wajibu wa mzazi katika mavazi ya mwanafunzi, na kwa kuwa mimi ni fundi, nije na suruali moja ya mfano niwaonyeshe wazazi wenzangu. Mshauri, maishani nimewahi kushika kipaza sauti mara moja tu, tena msibani, kutangaza kwamba kuna gari limezuia njia. Sasa naitwa mbele ya wazazi wote! Nimeshapiga pasi shati. Nimeshafanya mazoezi ya kukohoa kabla ya kuanza.

Nikamweleza mke wangu kila kitu, yeye ni karani wa mapokezi zahanati na kila siku anatuliza watu, akasema, "Baba watoto, nyamaza. Mtoto anajua ameishinda shule nzima kwa rula yake, wewe unataka kumwambia aliyeshinda ni vifungo? Mwache apumue." Shemeji naye anasema, "Nenda na suruali ya kawaida, sema maneno mawili, piga picha, rudi. Nani atakubonyeza?" Halafu anacheka sana, maana kwake kila kitu ni utani.

Lakini usingizi umekataa. Nikimwambia, nahisi nitaikata ile furaha yake kwa mkasi. Nisipomwambia, ipo siku mtoto mmoja mbele ya wenzake atabonyeza suruali yake makusudi kumkomoa, na binti yangu atakuwa kichekesho cha shule, na yote yametoka mikononi mwangu. Na kuna jambo dogo limeniuma, pengine halihusiani: viranja wanapewa kitambaa cha koti, kila mmoja anashonewa kwao, na binti yangu koti lake amelipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mimi nipo! Nikajiambia labda hataki wenzake waseme anapendelewa nyumbani, viranja wana mambo yao. Ila kila likipita mbele yangu naona mabega yamekaa upande.

Nisimame Jumamosi au nijifanye naumwa? Nimwambie au nimwache na ushindi wake? Nijibu upesi, shati limeshapigwa pasi.

Ni mimi, fundi mwenye furaha na pini kwenye kola.

*

Fundi, barua yako nimeisoma nimesimama. Nilipofika kwenye ukuta wa kinyozi nikacheka mpaka jirani akagonga mlango, kwa hiyo hongera, una kipaji, kichwa chako ni cha moto, na laiti kingekuwa kinafanya kazi pande zote mbili nisingekuwa na la kukuandikia.

Kwanza futa neno "pengine halihusiani". Linahusiana kuliko barua yote iliyobaki. Mtoto wa fundi anapewa kitambaa cha koti la heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupata, anavuka barabara nalo, anampa mtu anayeshona mabega upande, nawe unasema viranja wana mambo yao? Wewe baba! Huyo binti amekulia chini ya meza yako akiokota pini. Kila asubuhi anashika mapindo ya suruali kwa vidole hivyohivyo. Unadhani vidole vya mtoto wako havijui kifungo cha kubonyeza ndani ya mshono? Unadhani hajui mkono wa nani umekishona? Siwezi kuapa, simo nyumbani mwako, lakini kama ningekuwa na kofia ningeiweka rehani: binti anajua. Na alianza kujua siku nyingi zilizopita.

Sasa soma tena anavyokwambia kila jioni. "Baba, leo tena hakuna hata mmoja." Halafu anasimama. Hasubiri chenji, fundi. Anasubiri wewe useme. Amekufungulia mlango kila siku, nawe kila siku unampigia makofi, unaurudisha, unakanyaga cherehani. Na mtoto anaingia ndani kuvua viatu, na kesho anarudi getini kupima kitu anachojua ni mchezo, maana akisema ukweli kwa mwalimu mkuu, jina la kwanza litakalomtoka mdomoni ni la baba yake. Unaniuliza nani ameumia. Ni huyo. Amekubeba mgongoni pamoja na mkoba.

Mkeo namheshimu, kazi ya mapokezi si mchezo, lakini hapa amemtuliza asiye mgonjwa. Hakuna ushindi wa kumlindia mtoto, kwa sababu mtoto hajajidanganya kwamba ameshinda. Anayefurahia ushindi huo ni wewe na shati lako. Na shemeji, mwambie nimesema anyoe.

Ubaya mkubwa uko Jumamosi. Hebu jione: umeshika kipaza sauti, umeshakohoa, umenyanyua suruali ya mfano, na viranja wamepangwa mstari ukutani, binti yako yumo na koti lake. Wavulana wote wanajua. Yeye anajua. Ni mwalimu mkuu peke yake anayepiga makofi kwa moyo mweupe. Ukisema neno moja tu kuhusu wajibu wa mzazi, umemlazimisha mtoto kuchagua hadharani, ama awe mwongo pamoja nawe, ama akuaibishe. Hiyo ndiyo zawadi unayotaka kumpa kwa kushika rula?

Sasa sikiliza, na uyafanye kama nilivyoyapanga.

Leo jioni usisubiri aseme ile sentensi yake. Anza wewe. Mwambie: nimeshona vifungo, nimeshona vingi, na nimekuacha usimame getini peke yako. Usimuulize kama alijua, maana hilo ni kumwomba akupunguzie. Usimweleze habari ya yule mama na pazia, atadhani unatafuta wa kugawana naye lawama. Na ile hoja ya amani iache kibandani. Amani ambayo mtoto wako anailipia asubuhi getini, si ya kujisifia.

Kesho nenda kwa mwalimu mkuu, wewe na mkeo, saa za kazi, usimbebe mtoto kama shahidi. Kama yeye mwenyewe atataka kuja, mpishe atangulie. Peleka suruali moja yenye vifungo, ivute mbele yake, ta ta ta, asikie. Atakasirika. Ana haki. Mwache amalize. Halafu mwambie kwamba kiranja wake hajakosa chochote, na hilo useme mara ya pili kabla hujatoka, kwa sababu watu wakikasirika hawasikii mara ya kwanza.

Kuhusu kipaza sauti, rudisha uamuzi kwake. Akikunyima, kaa nyuma kama wazazi wengine, na shati lako bado litapendeza. Akikupa, hapo ndipo nitakupenda: simama useme ulichokifanya, kisha uwaulize wazazi na walimu swali ambalo hakuna mtu amewahi kuliuliza pale, kwamba ile alama nyekundu iliwekwa lini, na ni nani aliwahi kuwauliza hao vijana. Inawezekana suruali zilikuwa pana kama mahema zama hizo. Inawezekana alama ikasogea kidogo, inawezekana isisogee, lakini isogezwe mchana, kwenye kikao, mama na mwanawe wakiwa wamekaa bega kwa bega badala ya kuvutana miguu ya suruali kwenye kibanda chako. Wewe unawajua pande zote mbili kuliko mtu yeyote. Tumia hilo kwa mdomo safari hii.

Suruali zote ulizozitia vifungo ziite zirudi kibandani. Toa chuma, shona mshono mmoja, uliofungwa, unaolingana na sheria iliyopo mpaka hapo itakapobadilika. Vijana watakununia, watakuita majina mapya. Vumilia, la zamani ulilipenda mno.

Na jambo la mwisho, hili usiliruke. Ukishamwambia binti yako, nyamaza. Akikasirika, kaa hapohapo. Akilia, kaa. Akicheka, usidhani umeshasamehewa ukaanza kusimulia ulivyovumbua, kaa tu. Atakuwa na maneno aliyoyahifadhi muda mrefu, na hayatatoka yakiwa yamenyooka. Yapokee yalivyo, usimrekebishe hata moja.

Haya, funga cherehani. Shule zinakaribia kutoka.