Chumvi kwenye Sahani ya Wazee

Ijumaa, 8 Machi
Bibi Ionie ameota tena. Baba alisimama mlangoni mwa mkahawa wetu, kofia mkononi, akasema ana njaa. Basi. Bibi anasema ndoto ya namna hiyo haipuuzwi: lazima tufanye saraka, tuwapikie waliotutangulia. Mama aliendelea kumenya shelisheli.

Tangu Baba afariki, Mama ndiye mpishi. Wateja wanakula kwa adabu tu. Leo mzee Cuthbert alisukuma sahani kando. "Odile, shelisheli hii umeipika au umeiogesha?" Watu walicheka. Mama naye alicheka, kisha akaenda kusimama nyuma ya pipa la maji.

Mimi nilikuwa shuleni Baba alipoanguka jikoni. Sikumuaga.

Jumamosi, 9 Machi
Tumepika tangu alfajiri. Kuku, madonge ya wali, ugali wa bamia — vyote bila chumvi! Nilimuuliza Bibi sababu. Wafu wakila chumvi wanakuwa wazito, alisema, hawawezi kuruka kurudi kwao.

"Basi wanakaa wapi?"

"Palepale. Na wewe koma kuuliza, wali utaungua."

Sahani ya wazee imewekwa chumba cha ndani. Kitambaa cheupe, mshumaa, glasi ya ramu. Bibi alikwenda kubadili nguo, akaniachia mlango niulinde.

Nimetia chumvi. Kidogo tu. Nataka akae.

Ngoma zimeanza uani.

Jumapili, 10 Machi
Madonge ya wali yana alama za vidole. Bibi amefurahi: wamepokea. Watoto waligombania mabaki kama kawaida. Binamu yangu Shanice alilamba kiganja. "Mbona safari hii chakula kina ladha?" Bibi hakusikia. Au alisikia.

Jumanne, 12 Machi
Ajabu! Shelisheli ya leo ni ya Baba. Tui limekauka vilevile, binzari ileile, nyama inaachia mfupa. Mama alionja, akakaa chini. Ananong'ona kwamba hajui alichofanya tofauti.

Mzee Cuthbert aliomba sahani ya pili. "Nisamehe, Odile. Leo mwenyewe amerudi."

Hakujua anasema nini! Furaha imenijaa hadi nimeshindwa kula.

Alhamisi, 14 Machi
Sufuria ilikuwa tupu kabla ya mteja wa kwanza kuingia. Viti vyote vimevutwa nyuma, kama vile watu wameketi. Harufu ya kiko — na Baba hakuvuta tumbaku maisha yake yote. Mezani, kwenye mafuta, alama za vidole vidogo sana.

Bibi aliinamia meza, akanusa. "Kiko ni cha baba yangu. Na huyu mdogo ni Verna, dada yangu. Surua ilimchukua." Akanigeukia. "Sahani ile si ya mtu mmoja. Nani ameitia chumvi?"

Sikuweza kumdanganya. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Mama amekula sahani tatu leo. Bado anasema ana njaa.

Jumamosi, 16 Machi
Mama hainuki kitandani. Anakula, hashibi, mashavu yamebonyea. Bibi anasema chakula hakimfikii: wafu wanakila kabla yake, kwa sababu ndiye mpishi wa nyumba. Hawana ubaya. Wana njaa tu, na hawana njia ya kurudi.

Kwa hiyo leo nimepika upya. Aliyetia chumvi ndiye anayepika, peke yake. Wakila sahani isiyo na chumvi watakuwa wepesi tena, wataondoka.

"Na Baba?"

"Wote, mwanangu."

"Hata kuaga?"

Bibi alinifunga leso kichwani, akakaza fundo. "Mama yako yuko hai," alisema. Akaniagiza kopo la chumvi nilitoe jikoni kwanza, kisha akaenda kukaa naye.

Nimeketi karibu na jiko, naandika huku wali ukikauka. Jikoni pamejaa. Simwoni mtu, lakini hewa ni ya watu wengi wanaosubiri kwa heshima. Mmoja amesogea. Anapumua juu ya bega langu, taratibu, kama mtu anayetaka kuonja. Ananukia binzari.

Mama amekohoa. Bibi anaita kutoka chumbani, "Umeshapakua?"

"Bado, Bibi."

Wali umeshaiva. Kopo sijalitoa.