Kiti Kisizidi Uzi

Mjukuu wangu Mkawasi,

Bwana asifiwe. Afya yako huko Nairobi yaendeleaje? Sisi hapa Wusi Mungu ametutunza.

Umeniuliza umnunulie mdogo wako Mwakio baiskeli isiyo na pedali ya saizi gani. Mama, usinunue kubwa eti ataikulia, kama tunavyofanya na sare za shule. Baba yangu alinichongea ya mbao, kubwa hivyo hivyo. Miguu ikaning'inia, nikateremka nayo mpaka ndani ya kabeji za jirani.

"Umekuja kuvuna?" jirani akaniuliza.

Baba alicheka, akashusha kiti. Nyayo zangu zilipokanyaga chini, woga wote uliniisha.

Humu kwenye bahasha nimeweka uzi niliompimia Mwakio kutoka unyayo hadi msambani. Kiti kiwe chini kidogo ya urefu wa uzi huo. Ameshaanza kufagia njia ya kupitia, kwa hivyo nijibu upesi.

Nyanya yako