Picha ya Mwaitu kwa Mjerumani

Membley, Ruiru,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa dada yangu Mbinya,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Ruiru. Habari za Gatuanyaga, na mvua imewafikia? Nasikia mahindi yamesimama vizuri upande wenu, ingawa wewe husema hivyo kila mwaka mpaka viwavi waje. Goti la mama, Mwaitu wetu, linaendeleaje? Na yule Lynn mdogo, wajina wangu, ameacha kulia akipelekwa shule? Mimi mwili wangu ni mzima. Hayo mengine utayasoma.

Utashangaa kupata barua ya kalamu kutoka kwa mtu ambaye simu yake haizimi. Nimekupigia mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza tuliongea habari za kuku, ya pili tukaongea habari za mchungaji wenu mpya, na ya tatu ukaniuliza kwa nini nakupigia bila neno. Mdomo umekataa, Mbinya. Nimempa Odongo, dereva wetu, bahasha hii akupe mkononi, asimwachie mtu mwingine.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ijayo kampuni yetu ya filamu inatimiza miaka kumi, na Mwaitu ameshaletewa kadi ya mwaliko. Ameniambia atakuja na jogoo, na kwamba akipewa nafasi atasimama anishukuru mbele ya Wajerumani wote, aseme kwamba Mungu alimpa binti wa tatu kutoka kwa Wajaluo. Sitaki asimame kabla hajajua ananishukuru kwa lipi. Itabidi nianze mbali kidogo, kwa sababu kila nikianzia karibu huwa nalikwepa.

Unakumbuka kampuni ilivyokuwa mwanzoni. Mimi na wewe tulikuwa tukishona vifungo kiwandani pale Thika na kulala kitanda kimoja kwenye mabanda ya Kiandutu, kwenye kile chumba ambacho jirani akikohoa sisi tunaamka. Nilipokuambia kuna Mjerumani huko Witeithie anayetafuta mtu wa kumtafsiria, ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema Mjerumani wa kuishi Witeithie lazima amefukuzwa kwao. Hakuwa amefukuzwa. Detlef Rauschenbeck alikuwa na vyumba viwili juu ya duka la chakula cha mifugo, kamera moja, kompyuta moja, na karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa gundi ikisema Rauschenbeck Film. Alikuwa akiuza vipande vifupi vya mashamba ya kahawa na maua kwa runinga za kwao. Alikula githeri kibandani kama sisi, na ukimwambia kitu ni desturi ya watu, alinyamaza na kuandika kwenye daftari lake. Kwa hilo nilimpenda. Baadaye nililitumia.

Leo tuko Ruiru, kwenye ghala lililokuwa la kahawa, watu sitini na wawili. Kuna vyumba vinne vya kuhariri, kuna wapishi wetu wenyewe, na tamthilia tunayoitengenezea stesheni moja ya Ujerumani imefika msimu wa tatu. Ndani ya ghala wamejenga Kiandutu, Mbinya. Kiandutu nzima ya mbao na mabati, yenye mitaro ya maji safi ya bomba na moshi unaotoka kwenye mashine. Wageni wakija hupigwa picha humo. Nimepita mle mara nyingi nikitafuta chumba kama chetu, sijakiona. Fundi aliniambia walikijenga, wakakibomoa, kwa maana kamera haikuweza kugeuka.

Na pale mapokezi, ukutani, kuna picha ya Mwaitu, kubwa kuliko mlango. Ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yenu, ungo wa maharagwe mapajani, mkono mmoja umesimama hewani. Kila mgeni huambiwa kwamba hapo ndipo kampuni ilipoanza kukua, na si uongo. Kabla ya siku ile tulikuwa watu watatu. Nimepita mbele ya picha hiyo kila asubuhi kwa miaka saba, na njia niliyoipata ni kufungua mkoba na kujifanya natafuta funguo.

Sasa nitaandika habari za Kaloki. Ni ndugu yako, unazijua kuliko mimi, lakini kuna siku zilizokatwa humo na ninataka kuzirudisha.

Kaloki aliondoka Februari 2018 kwenda kazi ya mjengo Ruiru, na hakurudi. Mlizunguka vituo vya polisi na hospitali mpaka viatu vyako vikaachana na soli. Mimi ndiye niliyemwambia Detlef tutengeneze filamu ya mama anayemtafuta mwanawe. Niliwaambia itasaidia kumpata, na naapa wakati huo niliamini. Nilichapisha sura ya Kaloki, nikaandika habari ya kidole chake cha shahada kilichokatwa na mashine ya majani, nikagawa karatasi hizo kila makafani niliyoijua kutoka Thika mpaka Nairobi. Miezi miwili tukaja kwenu kila wiki. Mwaitu alituonyesha kitanda alichokuwa akikitandika, na mlango wa jikoni ambao alikataa ufungwe kwa ndani. Tulipiga picha hayo yote. Mzee Nzioka alikuwa amezikwa pale kando ya mihogo, na Mwaitu alisema kwamba hata kama Kaloki amekufa, yeye anaomba kitu kimoja tu, alazwe karibu na baba yake.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya Aprili. Mnakumbuka tulifika na mchungaji, na wazee wawili wa ukoo wenu, na yule mpiga picha mpya aliyetoka Cologne na kamera iliyobebwa na watu wawili. Mchungaji akamwambia Mwaitu kwamba Kaloki ameonekana, kwamba aligongwa na gari kwenye barabara kuu, akapelekwa makafani bila jina. Kisha akamwambia kwamba hata mwili haupo. Muda wa kuuhifadhi ulikuwa umekwisha, na siku iliyotangulia ulikuwa umezikwa pamoja na wengine kumi kwenye kaburi moja la wasiodaiwa. Mwaitu hakupiga kelele. Aliuliza kama ni jana. Akasema jana alikuwa ameketi hapohapo akichambua maharagwe, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia kitu. Mkono wake ukabaki hewani.

Hayo ndiyo Wajerumani waliyonunua. Filamu ilipewa tuzo kwao mwaka uliofuata, stesheni mbili zikagombania kampuni, Detlef akaajiri watu kumi kwa mwezi mmoja. Mimi nikawa prodyusa, nikahamia Membley, penye walinzi langoni. Na ninyi mkanifariji. Wewe ulinishika mkono ukasema tumekosa kwa siku moja tu, kwamba si kosa la mtu, kwamba bila mimi msingejua hata hilo. Uliponipa mtoto wako awe wajina wangu nilimpokea, nikambeba mbele ya kanisa zima.

Mbinya, mimi sikujua Ijumaa. Nilijua Jumatatu.

Jumatatu ile saa nne asubuhi, mhudumu wa makafani anayeitwa Mutie alinipigia akasema kuna kijana mwenye kidole kama kile cha kwenye karatasi yangu. Nilienda peke yangu. Akavuta droo ya jokofu. Nilimwona, Mbinya, kwa macho yangu. Alikuwa Kaloki. Alikuwa na lile shati la kijani ulilomshonea kiwandani kwa kuiba kitambaa. Mutie aliniambia familia ije upesi, kwa sababu orodha ya wasiodaiwa imeshapitishwa mahakamani, na watachukuliwa wiki hii au ijayo. Nikiwa barabarani kurudi nilikuwa nimeshachagua kusikia lile neno ijayo.

Jioni nilimweleza Detlef. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Mwaitu anajua, na akasema twende sasa hivi, bila kamera. Nakuandikia hilo kwa sababu ni kweli, si kwa kumtetea. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia kwetu habari ya kifo haibebwi na mtu mmoja kama barua ya posta. Lazima wazee wa ukoo wakutane, lazima mchungaji awepo, na jambo hilo huchukua siku kadhaa. Unajua si uongo. Hivyo ndivyo mimi nilivyoambiwa baba yangu alipokufa, na ninyi vilevile kwa Mzee Nzioka. Ila wazee wenu walikuwa hapohapo Gatuanyaga, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenu, na wangekusanyika Jumatatu hiyohiyo kama ningewaita. Sikuwaita mpaka Alhamisi jioni, bila kuwaambia wanaitiwa nini. Mpiga picha wa Cologne alikuwa anatua Alhamisi asubuhi. Detlef alikuwa ameniahidi uprodyusa filamu ikipata mwisho mzuri, na nilikuwa nimechoka na Kiandutu, nimechoka na vifungo, nimechoka kuwa mtu wa kutafsiri maneno ya wengine. Detlef akaandika desturi yetu kwenye daftari, akasema basi tuiheshimu.

Jumatano nilikuja kwenu. Hukuwapo, ulikuwa zamu. Nilikuja kuangalia jua linapiga upande gani asubuhi, ili Ijumaa tusihangaike. Mwaitu akanipakulia muthokoi, akakaa karibu nami, akaniuliza kama moyo wangu unaniambia Kaloki yu hai. Nilikuwa nimemwona juzi yake. Nikatafuna, nikameza, nikamwambia aendelee kumtumaini Mungu. Akanishukuru. Akaniongezea chakula, na nikakimaliza.

Ijumaa alfajiri nilimpigia Mutie amtayarishe Kaloki, kwamba familia inakuja mchana. Akaniambia lori lilikuja jana. Akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nilikaa kitandani nikiwa na simu mkononi, kisha nikaoga, nikavaa, nikaja kwenu na kamera. Niliwaambia mchungaji na wazee kwamba nimepata habari asubuhi hiyo, na ndivyo mchungaji alivyomwambia Mwaitu.

Kwa hiyo hamkukosa kwa siku moja, dada yangu. Mlikuwa na siku nne, na nilizichukua mimi. Mwaitu angemlaza mwanawe kando ya Mzee Nzioka. Angemvua lile shati akamvisha jingine. Badala yake amekuwa akipalilia mahali patupu kwa miaka saba na kuniombea dua kila Jumapili.

Nimefanya machache ninayoweza, na najua ni machache. Nimeandika haya yote mbele ya wakili wa Thika na kuyatia sahihi, na nakala imo ndani ya bahasha hii. Mutie amestaafu, anaishi Witeithie, na amekubali kusimama shahidi. Kaburi lina namba, nimeiandika kwenye nakala. Wakili anasema mkienda mahakamani mnaweza kupewa ruhusa ya kufukua na kupima, ila watu wako kumi na mmoja humo, na hawezi kuahidi. Mkitaka kunishtaki mimi, karatasi hiyohiyo inatosha. Sitaikana.

Juzi nilimwambia Detlef ukweli wa ile desturi. Amezeeka siku hizi. Nilidhani atalia. Kisha akaniuliza kwa upole kama tunaweza kungoja mpaka sherehe ya Jumamosi ipite, maana wageni wa stesheni wameshapanda ndege. Sikuweza hata kumkasirikia. Kungoja nilimfundisha mimi. Niliacha funguo zangu mezani nikatoka, na nilipopita mapokezi safari hii sikufungua mkoba.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa na haki ya kuomba kitu, ningeomba usibadilishe jina la mtoto, lakini hata hilo ni lako, fanya utakavyo.

Nakuomba neno moja tu, na si kwa ajili yangu. Najua ulivyo. Utataka kuificha barua hii kwanza. Utasema Mwaitu alale kwanza, ale kwanza, goti lipone, mchungaji aje, wazee waitwe. Mbinya, usimwite mtu. Usitafute wakati mzuri. Ukifika mwisho wa ukurasa huu, simama umwendee pale alipo, hata kama mikono yake ina unga, umwambie.

Msalimie mume wako na watoto wote. Msalimie Mwaitu baada ya kumwambia, kama atataka kusikia salamu zangu.

Ni mimi, niliyekuwa nikilala upande wa ukutani,

Lynn Auma.