Wigi jeusi kwa kina Shuhei

Chinami, nimejifungia chooni kwa kina Shuhei.

Si leo natambulishwa kwao? Nikavaa wigi jeusi. Baba yake anachora katuni za magyaru kama sisi, wasichana wa nywele za kupaka dhahabu, na wote kawafanya majuha wenye kope ndefu.

Nimeinama kumsalimia, paji limegusa mkeka, wigi likadondoka. Shoga, limedondoka mbele ya magoti yake.

Mama mtu kaweka kikombe chini.

Mzee akasema, "Usiinuke, binti."

Akachukua penseli. Ananichora nimeinama vilevile! "Kumbe kwenye shina nywele ni nyeusi. Miaka yote nawachora dhahabu tupu."

Basi. Alipoweka penseli chini nikanyakua wigi, nikakimbilia huku.

Shuhei anagonga mlango. Sijui nimekubaliwa au nimechorwa tu.