Mtandao Ulipoingia Chumba cha Mzazi

Alhamisi, Habaswein. Upepo umeamka kabla yetu, na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Joto ni lile lile la kumfanya mtu aongee kidogo. Lakini leo sina la kulalamikia, na nyinyi mnaonisoma hapa mnajua kwamba mimi malalamiko huwa siyakosi.

Nimefaulu.

Ngoja nieleze kabla kichwa hakijapoa. Mimi ni mzazi, na simaanishi mzazi wa mikutano ya shule. Nimejifungua juzi juzi, na niko ndani ya afartan, zile siku arobaini ambazo kwetu Wasomali mwanamke aliyejifungua hatoki nje ya boma. Hapiki, hafui, hachoti maji. Analetewa supu, maziwa ya ngamia na samli mpaka anaiota samli. Chumba kinafukizwa uunsi, ubani wetu, asubuhi na jioni, na mtoto haonyeshwi watu wasiojulikana, kwa sababu jicho la mtu lina mambo yake.

Naipenda afartan, nisiwadanganye. Tangu niolewe sijawahi kupumzika hivi.

Shida ni kwamba mimi pia ni mwanafunzi. Nasomea shahada ya lugha na fasihi ya Kiingereza kwa mtandao, na darasa langu lote ni hii simu yenye ufa kwenye kioo. Wenzangu nawajua kwa sauti tu. Mmoja yuko Bute, wengine Kisumu, Nyeri, Malindi, na sijui kama nikikutana nao njiani nitawatambua. Nyumba yetu ni ya mabati, na ndani mtandao hauingii kabisa. Kabla ya kujifungua nilikuwa nasomea kwenye baraza la duka la binamu yangu, karibu na mnara wa simu. Duka liko ng'ambo ya barabara ya Wajir. Kwa mzazi, ng'ambo ya barabara ni sawa na Ulaya.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mdomo wa ushairi. Ulikwisha ahirishwa mara moja, maana siku yenyewe ya kwanza ndiyo aliyoamua binti yangu kuzaliwa. Mhadhiri wetu, Daktari Mutheu, akanipa siku ya pili, akasema wazi kwamba ya tatu haipo. Ningeikosa leo, ningerudia mwaka.

Najijua. Nikirudia mwaka nikiwa na mtoto mgongoni, sirudi tena. Nitakuwa yule mwanamke anayesema "nilikuwa nasoma". Tunao wengi hapa mtaani, wanawake wazuri, wenye akili kunishinda. Lakini kila wanaposema ile "nilikuwa", huwa wanatazama pembeni.

Sasa niseme kuhusu mama mkwe wangu, Eddo Halima. Eddo ni shangazi, na ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa heshima. Nilikuwa na hakika kwamba hataki nisome. Tangu nijifungue amekuwa akininyang'anya simu. Anasema macho ya mzazi ni mepesi, yakichoshwa sasa yatanilipiza uzeeni. Basi nikawa nasoma shairi langu chini ya shuka nikinyonyesha, kama mtoto aliyeiba sukari. Mume wangu yuko Garissa kwenye soko la mifugo, na kwa simu kazi yake ni kusema "msikilize Hooyo", yaani mama yake. Ushauri mzuri, hauna gharama.

Kuhusu mtihani sikumwambia Eddo chochote. Nilimwambia wifi yangu Nasra, aliye likizoni kutoka sekondari. Mpango ulikuwa anisaidie kutoroka mpaka dukani, nimejifunika gubigubi, nirudi kabla ya adhuhuri. Nasra hajawahi kutunza siri hata muda wa chai kupoa. Akamwambia mama yake siku hiyo hiyo.

Jana alasiri Eddo akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniuliza kwa Kisomali kwa nini huyo mwalimu asije mwenyewe, kama kweli ana haja na mimi. Nikamweleza kwamba atakuja, lakini kwa simu, na simu humu ndani haishiki. Akatazama paa, akatazama mlango.

"Mwanamke wa afartan hatoki," akasema. "Hilo limekwisha. Lakini hakuna aliyesema mtandao usiingie."

Akainuka, akaenda zake. Sikuelewa. Usiku nikalala kwa kusinzia sinzia, nikijisomea shairi kichwani.

Asubuhi nikasikia vyuma vinagongana na Nasra anacheka. Nikachungulia dirishani. Nyuma ya nyumba kuna mzigo uliofungwa wa miti ya aqal, ile nyumba ya kuhamahama ambayo Eddo alijengewa alipoolewa, na tangu tuingie kwenye mabati haijaguswa. Mti wa aqal umepinda, ndiyo asili yake. Eddo alikuwa amechukua mirefu miwili, ameigeuzia migongo na kuifunga kwa kamba, mafundo yale yale ya kufungia mizigo juu ya ngamia, mpaka akapata kitu kinachokaribia kunyooka. Kileleni amening'iniza dhiil, chombo chake cha maziwa kilichofumwa kwa mizizi. Ndani ya dhiil mlikuwa na simu ya Nasra. Chombo ni cha kuikinga na jua, maana simu ikiachwa wazi kwa jua la hapa inazima yenyewe.

Wakausimamisha mti kando ya tangi la maji, wakaufunga. Juu kule simu ya Nasra ikashika mtandao, na huku chini ikanigawia mimi. Upepo ukawa unayumbisha kila kitu, kwa hiyo Nasra akapewa kazi ya kuukumbatia mti.

"Iko fiti, abaayo!" akapiga kelele, akiniita dada kwa Kisomali. "Usitingishike tu!"

Kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa juu ya mti.

Nikafungua darasa. Zikatokea nyuso moja moja. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikahofia utamwamsha mtoto. Eddo akaingia, akaniuliza kwa kunong'ona hawa watu ni wangapi. Nikamwambia ni darasa zima na wahadhiri wawili. Akashika kifua. Watu wote hao, ndani ya chumba cha mtoto mchanga! Akambeba binti yangu akamlaza nyuma ya pazia, kisha akaleta dabqaad, chetezo chetu cha udongo, akamimina uunsi bila kupima. Alifukiza kwa sababu mbili, nadhani: kuwakaribisha wageni, na kulinda mtoto dhidi ya macho yao.

Moshi ukapanda. Nikawa sijioni kwenye simu yangu mwenyewe.

"Ifrah," nikamsikia Daktari Mutheu, sauti imebadilika, "nyumba yako inaungua?"

Kabla sijajibu Eddo akaingiza uso wake kwenye kamera, karibu mno, pua na shungi tu. Kiswahili chake ni cha sokoni, alikokuwa akiuzia maziwa madereva, na kwake p na v zote huwa b.

"Wacha wasiwasi, mwalimu. Hii si moto, ni uunsi. Nyinyi ni wageni, na ndani iko mtoto ndogo." Halafu, kwa kuwa mgeni hukaribishwa kwa salamu kamili, akaanza. "Habari ya nyumbani? Watoto wazima? Mifugo? Mbua imebata huko?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mtihani una muda wake, simu iko juu ya mti inayumbishwa na upepo, na Eddo anauliza habari za mifugo. Lakini Daktari Mutheu kwao ni Makueni. Akajibu zote, moja baada ya nyingine, taratibu. Watoto wazima. Mbuzi wamebaki wachache. "Hata kwetu haijanyesha, mama," akasema. Eddo akaguna kwa huruma ya kweli.

"Chai ibo," akamalizia, "lakini nitabitisha wabi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yule wa Bute alicheka mpaka akaanza kukohoa, kana kwamba moshi umemfikia. Mimi nami nikacheka.

Kisha mtihani.

Shairi tulilopewa ni fupi, la Kiingereza. Mwanamke amesimama mlangoni, wingu jeusi linakuja juu ya nyumba yake. Ndilo hilo tu, nilidhani. Katika uchambuzi niliotuma mapema nilieleza kwa ufasaha, nilivyojidhania, kwamba ni shairi la furaha. Nilisema wingu ni neema inayowasili, na yule mwanamke ametoka kuipokea. Nilijivunia ile kazi.

"Umeandika kwamba amefurahi," akasema Daktari Mutheu. "Nionyeshe wapi."

Nikafungua kinywa. Nikapitia mistari kwa macho, juu mpaka chini, tena chini mpaka juu. Furaha haikuwepo. Niliitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo aliokuwa nao sasa hivi. Ndipo ikanijia kwamba furaha ile sikuitoa kwenye shairi, niliipeleka mwenyewe kutoka hapa. Huku kwetu wingu jeusi likitokea, watu wanaacha chakula na kutoka nje kulitazama. Wanapigiana simu kutoka Eldas kuulizana limeelekea wapi. Sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kuna mtu duniani anayeliona akanuna.

Ningeweza kubisha. Lugha ya kubishia ninayo, wamenifundisha wao wenyewe. Lakini nilitazama shairi tena, nikaona kitu.

"Nimekosea, Daktari," nikasema kwa Kiingereza. "Huyu mwanamke anaogopa. Ameanua nguo. Amefunga madirisha, moja moja. Na hakuweka hata ndoo moja chini ya paa. Mtu anayeifurahia mvua huweka ndoo."

Nyuso zote zimeganda. Nikajua mtandao umekatika, na nikahofia umekatika pale pale baada ya neno "nimekosea". Kwa nje nikamsikia Nasra akimwapiza mbuzi aliyekuja kujikuna kwenye mti wake. Niliomba dua zote ninazozijua na moja niliyoitunga hapo hapo.

Picha ikarudi. Daktari Mutheu alikuwa ameinamia karatasi yake.

"Sasa umesoma," akasema.

Basi. Yule mhadhiri mwingine akauliza maswali yake kuhusu mizani na sauti, nikayajibu, mengine vizuri, mengine kwa kubahatisha. Mtoto akalia, Eddo akambembeleza nyuma ya pazia kwa sauti ya chini asinivuruge. Mwishoni waliniambia nisubiri, wakashauriana, wakarudi. Nimepita. Nimeruhusiwa kuendelea na mwaka. Daktari Mutheu akasema nirudi kwa mwanangu, na nimsalimie mama wa uunsi.

Nililia. Si kidogo. Eddo akafikiri nimeanguka mtihani, akaanza kuniambia kwamba Mungu hamsahau mja wake. Ikabidi nimkatize kwa kumkumbatia, shingo yake inanuka moshi na maziwa. Alhamdulillahi, akasema, alhamdulillahi, halafu akanisukuma nilale, maana mzazi halii, atapata homa.

Sasa ni baada ya alasiri, upepo umetulia. Mtoto amelala. Simu ya Nasra inanuka dhiil, na amenihakikishia kwamba rafiki zake watamcheka mpaka amalize shule. Najisikia mwenye bahati kiasi cha kuona aibu. Nimekuwa nikiandika hapa, wiki baada ya wiki, kwamba nasoma peke yangu. Nafuta. Kuna mtu mmoja aliyefungua mafundo ya nyumba yake ya harusi ili mimi nichambue wingu. Kuninyang'anya simu ilikuwa ni kuyahurumia macho yangu, kama alivyosema siku zote. Mimi ndiye niliyesikia lingine. Nashukuru. Sijui namna ya kulisema kwa mapambo, na pengine halihitaji mapambo.

Lakini kuna jambo nililokuwa nalikimbia. Mtihani wa mwisho wa mwaka haufanywi kwa simu. Ni Garissa, kwenye ukumbi, na utakuja afartan ikiwa imeisha hivi karibuni. Mtoto atakuwa bado ananyonya kila mara. Mchana huu, Eddo akikunja nguo za mtoto, nikajikaza nikamwambia. Eddo na gari ni maadui. Mara ya mwisho alipokwenda Garissa alitapika kutoka hapa mpaka Modogashe, akaapa kwamba safari yake nyingine atabebwa akiwa amevikwa sanda. Kwa hiyo sikumwomba kitu. Nilimweleza tu.

Alikunja nguo mpaka zikaisha. Akaanza kukunja upya zilizokuwa zimekunjwa.

"Huko ukumbini," akauliza, "wanakupa ruhusa ya kutoka kunyonyesha?"

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua.

"Nijue nitakaa mlango gani na mtoto."

Sijui kama wanaruhusu. Kesho asubuhi, Inshallah, Nasra akishaukumbatia tena ule mti, nitawaandikia chuo niwaulize.