Sentensi Niliyopewa Alama Zote

Dada yangu mpenzi,

Natumaini hujambo, na watoto ni wazima. Sisi tupo. Paa la jikoni limezibwa, na baba ameanza tena kunywa chai.

Simu ilipokatika ulikuwa unaniuliza kama mtihani wa Kihispania niliufanya. Niliufanya, wiki ileile tuliyomzika mama. Baba alisema, "Nenda, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa akikusomesha." Ni kweli. Hata kitandani alinishikia kitabu akinisomea viunganishi: *sin embargo*, hata hivyo; *aunque*, ingawa. Alivitamka kama mtu anayetafuna mfupa, tukacheka mpaka akakohoa.

Mtahini alikuwa mama mmoja mpole. Aliniambia nitunge sentensi yenye *cuando*, yaani wakati jambo linapotokea. Wewe uliyekisoma kabla yangu unaujua ugumu wake: jambo likishapita, kitenzi hubaki cha kawaida, likiwa bado linatarajiwa, kitenzi hubadilika. Nikafungua mdomo, ikatoka hii: *Cuando mi madre se cure, iremos a ver a mi hermana.* Mama atakapopona, tutakwenda kumwona dada.

"Safi kabisa," akasema. "Kitenzi umekipatia. Kwani mama anaumwa nini?"

Nikamwambia ni kifua. Akasema anamwombea apone haraka. Nikamshukuru kwa Kihispania, nikatoka.

Nimefaulu, dada. Kulia ndiyo bado sijalia.

Ni mimi,
kitindamimba wenu