Mtu Aliyeacha Kuuliza

Stesheni ya Kolwezi, 1993

Yaya Tshiela, dada yangu mkubwa,

Tupo. Tangu tufukuzwe nyumbani kwa sababu sisi ni Wakasai, tunalala hapa stesheni tukingoja treni ya Mwene-Ditu. Mume wangu ameshona upya turubai tunalolala chini yake, halivuji tena.

Juzi alikuja tata Kabemba, mwalimu wa saikolojia, mwenyeji wa huku kama hao waliotufukuza. Anachunguza namna watu waliofukuzwa wanavyoishi na huzuni.

"Mama Mushiya, jina lako sitaliandika," alisema. "Unaweza kukatala. Na ukichoka, sema tu."

"Mi nikijibu, tutapata fasi mu treni?"

"Hapana, mama. Sina uwezo huo, siwezi kukudanganya."

Nikakubali. Akauliza kama ninalala, kama ninakula. Nilijibu kama mtu anayetaja bei za sokoni. Kisha akauliza batoto ni wangapi.

Nkongolo wetu alikufa kwa surua, yaya. Tulimzika ng'ambo ya reli.

"Basi," nilimwambia.

Akatia kalamu mfukoni, akauliza kama nataka akae ama aende. Nikamwambia akae. Akakaa.

Niliwaambia "basi" waliobeba vitanda vyetu, niliwaambia walioezua paa. Huyu peke yake ndiye aliyeacha.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Mushiya